Hewa itapitia wapi

Harusi ya dada imepita salama, shamba la juu limepigwa haro, mitihani ya watoto imekwisha, na bado ninachokisikia kichwani ni sauti ya Mjomba, amesimama kando ya trekta, mikono nyuma, nilipomwambia kuwa mfumo wa haidroliki, yale mafuta yanayoinua kijiko cha mbele, unavuta hewa kwenye hosi:

"Mpwa wangu, kama haivuji, hewa itapitia wapi?"

Nikamwambia, "Mjomba, ule ni upande wa kunyonya."

"Kunyonya, kusukuma, tundu ni tundu. Lingekuwepo tungeona mafuta chini."

Akaondoka. Majibu mazuri, kama kawaida, yamekuja usiku.

Dalili zenyewe hazina utata. Pampu inalia, mikono ya kijiko inapanda kwa kushtukashtuka, na ukifungua tangi unakuta povu. Fundi aliyepita kabla alishahukumu: pampu imekufa, nunueni nyingine. Povu si hukumu ya pampu. Chota mafuta, weka kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie. Yakirudi kuwa maangavu, kilichomo ni hewa. Yakibaki meupe, ni maji, na hapo hakuna ujanja isipokuwa kumwaga yote, kusafisha tangi na kubadilisha filta.

Sasa jibu la Mjomba. Pampu ikifanya kazi, presha kwenye hosi inayotoka tangini kwenda kwenye pampu huwa chini ya ile ya hewa iliyoko nje. Ufa ukiwepo hapo hautoi mafuta, unavuta hewa ndani, kama mrija uliopasuka unavyomnyima mtu soda. Ndiyo maana pakavu kabisa panaweza kuwa ndipo penye ugonjwa. Kupata mahali penyewe ni rahisi: injini ikiwa mzunguko wa chini, paka grisi nzito kuzunguka kiungo kimoja, sikiliza, nenda kingine. Mlio ukibadilika, umefika. Kwenye matrekta ya zamani mara nyingi ni mpira uliokauka hata klampu haiushiki tena. Kukaza klampu zaidi ni kuukata tu. Weka hosi ya kunyonyea yenye waya wa mzunguko ndani, si mpira wa maji, kwa sababu wa maji ukipata moto hulainika, ukajibana wenyewe, na pampu ikabaki na njaa.

Pampu ikilia bila povu, angalia kwanza chujio la ndani ya tangi, au mafuta mazito kupita kiasi asubuhi ya baridi. Utaratibu wangu ni huu: kiasi cha mafuta, chujio, viungo vya kunyonyea, sili (mpira wa kuzuia mafuta yasipite) ya shafti ya pampu, na mwisho kabisa pampu yenyewe. Watu wengi huanzia mwisho, labda kwa kuwa pampu ndiyo inayopiga kelele.

Na kiasi cha mafuta kipimwe mikono ikiwa chini, kijiko kimelala, trekta likiwa tambarare. Ukipima mikono ikiwa juu utadhani yamepungua kwa sababu mengine yamo ndani ya silinda. Utaongeza, na ukishusha yatamwagikia kwenye kipumulio, tundu la hewa la tangi. Ukishabadilisha hosi, pandisha na kushusha polepole bila mzigo mpaka mshtuko uishe, halafu pima tena.

Hasira imenipoa nilipogundua swali la Mjomba ni zuri, ila amelipeleka upande usiolihusu. Lipeleke kwenye ile shida nyingine, ya mikono kushuka yenyewe injini ikiwa imezimwa. Haivuji nje, mafuta yanapitia wapi? Wengi hukimbilia sili za pistoni. Lakini mikono ikishuka rodi huingia ndani ya silinda, na rodi ya milimita 35 ikiingia sentimita 10 inadai nafasi ya karibu mililita 96, na mafuta hayabonyei. Kama vali inayoendeshwa na wenzo imefunga vizuri pande zote mbili, sili mbovu peke yake haiwezi kushusha mikono kiasi cha kuonekana. Lazima mafuta yapate mlango, na mlango huo mara nyingi ni vali hiyo ya kuongozea, ikiwa imelika.

Sili za silinda za kijiko hupimwa hivi. Kizungushe mpaka mwisho wa mwendo wake kikiwa chini, zima injini, chezesha wenzo pande zote ili presha iishe. Fungua hosi ya upande usiosukumwa, izibe, elekeza tundu la silinda kwenye ndoo. Washa, mzunguko wa chini, sukuma wenzo upande uleule wa mwanzo, wewe ukiwa pembeni. Mafuta yakitiririka bila kukoma, pistoni inapitisha. Yakitoka kidogo na kukatika, mwambie fundi asiifungue silinda bure.

Lisilonichekesha ni mkono wa Mjomba. Akitafuta uvujaji hupitisha kiganja kwenye hosi za presha injini ikiwa inaunguruma. Matrekta mengi ya aina hii hufanya kazi kwenye presha ya psi 2,000 hivi, na mafuta yakitoka kwenye kitundu cha sindano kwa presha hiyo hupenya ngozi. Kidonda ni kidogo mno, hakiumi sana mwanzoni, na ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Nimemwachia kipande cha kadibodi kwenye kiti, akipitishe badala ya kiganja. Atakikalia. Na asiingie chini ya mikono iliyopandishwa bila nguzo ya chuma, hata kama vali ni mpya.

Kuna jingine, wala halihusiani na mafuta. Jana nilibonyeza kanyagio la klachi kwa kidole na halikuwa na ule mchezo wake wa mwanzo. Limegusa papo hapo. Likiendelea hivyo beringi ya klachi itazunguka muda wote na sahani yake itateleza, na kugawanya trekta zima vipande viwili ili kuifikia, katikati ya msimu, sijui nitamwambiaje mwenye trekta.