Lufufu wa Berlin

Mwalimu wa binti yangu alikuwa anatafuta wazazi wawili wa kusindikiza darasa sinema. Mimi siku ile nilikuwa zamu ya usiku, nikajitolea, nikijua nitalala humo ndani na hakuna atakayejua. Ilikuwa Februari 2017, asubuhi, ukumbi wa Zoo Palast hapa Berlin, watoto mamia wakivua makoti na skafu na kofia, na nusu ya kofia hizo zikipotea hapo hapo. Taa zikazimwa. Picha ikaanza, wahusika wanaongea lugha nisiyoijua, maandishi ya Kiingereza chini. Nikafumba macho.

Ndipo mwanamke akaanza kusema Kijerumani. Si kwenye picha. Mle mle ukumbini, kwenye maikrofoni, mahali fulani nyuma yetu. Mtoto akilia kwenye skrini, yule mama anasema maneno ya mtoto. Baba akifoka, ni yule yule mama. Bibi mzee, dereva, polisi, wote ni yeye. Usingizi ukaniruka. Nikageuka kumtafuta kwa macho mpaka binti yangu, miaka saba wakati huo, akanivuta mkono wa sweta: "Baba, tazama mbele."

Ningetazamaje mbele? Nilikuwa nimesharudi Temeke.

Walionizidi umri na tuliolingana mnajua ninachosema. Televisheni Tanzania Bara imeanza 1994, na hata ilipoanza haikuwa ya kila nyumba. Sisi tulikuwa na kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, gunia dirishani, deki moja, TV moja, jasho la watu sitini, na kiingilio ambacho ulikipata kwa kutorudisha chenji ya mafuta ya taa. Picha zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, na hakuna aliyekuwa anaelewa hata neno. Kwa hiyo palikuwa na mtu wa kutafsiri. Mkubwa wao alikuwa Lufufu, aliyeanza kwa kusimulia mubashara vibandani, kisha sauti yake ikaingizwa kwenye mikanda ya VHS ikasambaa mikoani. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana wao. Ila tuelewane: Lufufu hakuwa anatafsiri. Alikuwa anaingia ndani ya picha. Jambazi wa Hong Kong alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba Manzese. Na kabla ngumi hazijaanza anakuonyesha nani ni steringi, yaani shujaa wa picha, ili utulie, maana sheria ya kibanda ni moja: steringi hafi.

Huyu mama wa Berlin alikuwa kinyume chake kabisa. Anasoma taratibu, sauti moja, hachekeshi, halii, anakuachia pengo ili usikie sauti ya mhusika mwenyewe chini ya sauti yake. Mwanzo nilimwonea huruma, nikasema huyu kwetu wangemrushia maganda ya machungwa. Baada ya nusu saa nikagundua kwamba simsikii tena. Naisikia picha tu.

Niliporudi nyumbani sikulala, nikaanza kusoma. Tamasha la filamu la Berlinale, ambalo ndilo lililotuonyesha picha ile, lilianzishwa 1951, na mwaka 1978 likapata sehemu yake ya watoto. Siku hizi sehemu hiyo inaitwa Generation, jina lililoanza 2007, nayo imegawanyika mara mbili: Kplus kwa watoto, na 14plus kwa waliofika miaka kumi na minne. Picha zinatoka kila pembe ya dunia na nyingi ni mpya kabisa, hazijaingizwa Kijerumani. Na Ujerumani, kwa wasiojua, karibu kila picha ya kigeni ikiingia sinema inapewa sauti za Kijerumani, kwa hiyo mtoto wa hapa hakuzoea kusoma maandishi, na wa miaka saba hata angetaka hawezi kukimbizana nayo. Ndiyo maana ya yule mama na maikrofoni yake. Tatizo lile lile la Temeke, dawa ile ile. Sisi tuliambiwa ni ushamba.

Kingine kilichonishangaza ni zawadi. Dubu wa kioo, tuzo ya sehemu hii, hatolewi na wakubwa. Anatolewa na watoto wenyewe. Kwa miaka mingi baraza la Kplus lilikuwa na watoto kumi na mmoja wa Berlin, na la 14plus vijana saba. Wanapatikana hivi: unatazama picha, unajaza fomu ya maoni, na katika waliojaza wanachaguliwa wa kukaa baraza la mwaka unaofuata. Hakuna kujuana na mtu. Nilipomweleza mama yangu kwa simu akauliza, "Watoto wanahukumu kazi za watu wazima?" Nikamwambia ndiyo mama. Akakaa kimya, halafu: "Na heshima wanayo?"

Mwaka uliofuata ndio niliotaka kuuandika leo. Februari 2018 ratiba ikatoka, na ndani ya Kplus kuna picha ya Kenya, Supa Modo, imeongozwa na Likarion Wainaina. Kiswahili humo ndani! Nilikata tiketi siku hiyo hiyo, mimi ambaye hata kodi ya redio huwa nalipa kwa kukumbushwa.

Kisa chenyewe (msioiona, rukeni aya hii): Jo, msichana wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda picha za ngumi na mashujaa. Anarudishwa nyumbani kijijini akamalizie siku zake. Dada yake hakubali kukaa tu kusubiri, basi kijiji kizima kinakula njama ili mtoto aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Mwisho wanatengeneza picha yao wenyewe, steringi ni yeye.

Sasa tumekaa, sauti ya Kijerumani ipo, safari hii sikumbuki hata kama ni mwanamke au mwanamume, kwa sababu nilikuwa nasikiliza kinachopita chini yake. Mtu kwenye picha anatoa utani wa Kiswahili. Kabla msomaji hajavuta pumzi, kabla maandishi hayajasomwa, ukumbini pakasikika kicheko cha mtoto mmoja. Mmoja tu. Sekunde moja nzima alikuwa anacheka peke yake kwenye giza la watu mamia, kisha Kijerumani kikafika na ukumbi mzima ukacheka nyuma yake.

Alikuwa wangu.

Mtoto huyu, jamani, nyumbani nikimwambia "njoo ule" ananijibu kwa Kijerumani. Miaka mitatu nilikuwa nimeshajiambia kwamba lugha imekufa, nimezika. Akanigeukia, macho yanang'aa, akaninong'oneza, "Wao bado hawajajua."

Basi nikakaa na furaha yangu mpaka nikakumbuka picha inaelekea wapi. Naye akahisi. "Baba, steringi si hafi?" Sheria nilimfundisha mwenyewe. Nikatamani Lufufu awepo, achukue maikrofoni aseme mtoto kapelekwa India katibiwa, karudi kaolewa na mwenye mabasi. Yule msomaji hakuongeza hata neno. Watoto mia kadhaa walikaa na kifo cha mwenzao, wengine wakilia waziwazi, na hakuna mtu mzima aliyewaambia nyamazeni. Taa zilipowaka walipewa nafasi ya kuuliza maswali, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa kama ya watu kwenye daladala.

Mama yangu hakufurahi. "Umempeleka mtoto kuona mtoto anakufa, umelipa na hela?" Sikuwa na jibu zuri, na sidhani kama ninalo leo. Najua tu kwamba baraza la watoto mwaka ule liliitaja picha ile kwa heshima ya pekee. Binti yangu naye alijaza fomu yake. Hakuchaguliwa. Alinuna wiki mbili.

Desemba 2019 tukaenda nyumbani, Mbagala. Mchana joto, umeme upo, watoto wa dada yangu wamebanana kwenye tableti ya binti yangu wakitazama picha ya Kijerumani ya farasi. Wakamtaka atafsiri. Akaanza kama yule mama wa Zoo Palast, taratibu, sauti moja, Kiswahili chake cha kujikwaa. Dakika tano tu wakamchoka: "Dada, tia chumvi bwana!"

Nikamwona anafikiri. Kisha akasimama, akashika kijiko cha ubwabwa mdomoni kama maikrofoni, na farasi wa Bavaria akaanza kudaiwa nauli ya Mbagala Rangi Tatu. Walianguka kwa kicheko. Mama yangu, aliyekuwa anachambua mchele barazani, akauliza kwa sauti, "Hivi kweli huyo farasi kasema hivyo?"

"Hajasema, bibi," binti yangu akajibu. "Ila usoni inaonekana."