Tulivyotoka nodi tatu hadi sita kabla ya Desemba

Anayeshughulika na tiketi za mabasi Dar es Salaam anaijua Desemba. Watu wanarudi nyumbani Moshi, Rombo na Arusha, na kiti kimoja cha dirishani kinagombewa na simu kumi kwa wakati mmoja. Mfumo ninaoutunza ndio unaoweka kumbukumbu za viti hivyo. Mwanzoni mwa Oktoba nilipokagua diski zetu nikakuta kila moja imeshajaa GB 400 kati ya 500. Nikajua kwa mwendo ule Krismasi hatuifikii.

Hifadhidata yetu ni Cassandra, na inaendeshwa ndani ya kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) juu ya Kubernetes, mfumo unaowasha na kusimamia kontena hizo. Tulikuwa na nodi tatu, yaani Cassandra tatu zinazofanya kazi pamoja, na kila taarifa ina nakala tatu, kwa hiyo kila nodi ilibeba data yote. Wapo waliosema tukuze diski tu, yaishe. Nilikataa. Cassandra kila mara huunganisha mafaili yake madogo kuwa makubwa, na lazima iandike faili jipya kwanza ndipo ifute ya zamani, kwa hiyo inahitaji nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Na hata nafasi ingepatikana, mzigo wa kusoma na kuandika ungebaki kwenye mashine zilezile tatu. Tukakubaliana ziwe sita.

Kubernetes ni neno la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Kwa programu zisizotunza kitu, ukimwambia nahodha huyu unataka sita, muda si mrefu unaziona sita. Hifadhidata ina mambo yake. Podi mpya, yaani kasha la Kubernetes linalobeba nodi moja, inazaliwa mikono mitupu. Lazima ijiunge na duara la wenzake, ipokee fungu lake la data, ndipo ianze kuhudumia. Nakala zetu zote kwa jumla zilikuwa GB 1,200. Ukigawa kwa nne, nodi ya nne ilipaswa kupokea GB 300 kupitia mtandao. Hesabu hiyo niliifanya mapema. Ambacho sikufanya ni kukagua vile vipimo ambavyo Kubernetes hutumia kujua kama podi iko hai na kama iko tayari kuhudumia.

Jumanne, saa nne usiku, abiria wamepungua, nikabadilisha idadi kutoka 3 kwenda 6. Baada ya kama robo saa mwenzangu wa zamu akapiga simu.

"Kaka, ya nne inakufa."

"Inakufaje?"

"Inawaka, inakaa dakika chache, inazimwa, inawaka tena. Na ya tano imekataa kabisa."

Nikasoma kumbukumbu za podi ya tano. Cassandra ilikuwa inaeleza wazi kwamba imeona nodi nyingine iko katikati ya kujiunga, na yenyewe haiwezi kujiunga kwa wakati huohuo. Ni ulinzi wa makusudi: nodi mbili zikijigawia mafungu kwa pamoja, hesabu ya nani anamiliki nini inaweza kuvurugika. Lakini Kubernetes ilitakiwa isubiri ya nne iwe tayari kabla ya kuiwasha ya tano. Kwa nini haikusubiri?

Tulikuwa tumeviweka vipimo kinyume. Kipimo cha utayari kilikuwa kinagonga lango la mtandao namba 7000, ambalo nodi hutumia kuongea zenyewe kwa zenyewe, na lango hilo hufunguka mapema sana, data ikiwa hata haijaanza kuingia. Kipimo cha uhai kilikuwa kinagonga 9042, lango la wateja, ambalo kwa nodi mpya halifunguki mpaka imalize kujiunga. Kwa hiyo podi ya nne ilihesabiwa iko tayari ikiwa tupu, halafu ikauawa kwa kosa la kutofungua lango ambalo haikuruhusiwa kulifungua bado. Miaka miwili nyuma, tulipoanza bila data yoyote, kujiunga kulichukua muda mfupi tu, ndiyo maana kosa lile halikuonekana.

Nikarudisha idadi iwe 3, nikafuta diski za zile podi changa. Data yote ilikuwa bado salama kwenye tatu za zamani. Kisha nikazibadili namba zile: uhai uulizwe 7000, utayari uulizwe 9042. Badiliko hilo linalazimisha podi zote ziwashwe upya, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa tunasoma na kuandika kwa makubaliano ya nakala mbili kati ya tatu, abiria waliendelea kukata tiketi kama kawaida.

Kesho yake usiku nikaongeza moja tu. Nilipunguza pia kasi ya kuhamisha data kutoka megabiti 200 kwa sekunde hadi 100 kwa kila nodi, ili zile za zamani zisielemewe. Nikafungua skrini ya `nodetool status`, amri ya Cassandra inayoonyesha hali ya kila nodi, na kukaa nayo. Safu tatu zina herufi UN, yaani iko juu na iko kawaida. Safu ya nne ina UJ: iko juu, inajiunga. Kila dakika kadhaa nilikuwa natazama mafaili yanavyoingia. Karibu saa tatu zilipita, chai imepoa mezani, ndipo J ikageuka N. Nilimpigia mwenzangu nikamwambia alale. Ya tano na ya sita zilichukua muda mfupi zaidi, maana fungu linapungua kadiri wagawanaji wanavyoongezeka. Kila podi tuliilazimisha ikae kwenye mashine yake peke yake. Nakala mbili zikiwa mashine moja, mashine hiyo ikizima umepoteza makubaliano.

Bosi alipoangalia diski za zamani akauliza mbona bado zina GB 400 zilezile. Cassandra haifuti yenyewe data iliyohamishiwa kwa wengine. Unaiamuru kwa `nodetool cleanup`. Tuliiendesha nodi moja kwa usiku mmoja, kwa sababu nayo huandika mafaili upya na inakula diski. Usiku wa tano zote sita zilikuwa karibu GB 200.

Kabla ya Desemba tulijaribu pia kupunguza, kwenye klasta (kundi la nodi) ya majaribio. Hapo kushusha namba peke yake ni hatari: nodi inabidi iagwe kwanza kwa `nodetool decommission`, igawe data yake kwa wenzake, ndipo idadi ishushwe. Na diski yake hubaki. Tulipoirudisha podi ileile juu ya diski ileile, ikagoma kuwaka, ikisema ilishaondolewa kwenye duara na haitarudi. Tukafuta diski, ikajiunga upya kama mgeni. Hatua hiyo sasa imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wetu wa zamu.