Jumamosi tuliyojadili kama Kongo itoke

Tarehe 28 Januari 2024 Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kwamba zinajitoa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na kabla wiki haijaisha vijana wa Bukavu walikuwa na swali lao: kama wale wameweza, Kongo inangoja nini ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Mjadala ulifanyika Jumamosi moja ya Februari katika sala (ukumbi) ya parokia, huku Ibanda, watu wamejaa mpaka mlangoni. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya mizigo ya watu kwa ajili ya duane, yaani forodha, nilikabidhiwa ubao na chaki niandike tarakimu za kila upande, mtu asije akazikana baadaye.

Upande wa kutoka ulisema kwanza, na ulikuwa na mambo ya kusema. Kongo ilitia sahihi mkataba Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Novemba mwaka huo jeshi la kanda la Jumuiya likaanza kuingia Kivu ya Kaskazini. Desemba 2023 likaondoka, Kinshasa imekataa kuliongezea muda, na waasi wa M23 bado wameshika ardhi. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda, na wote wawili ni wanachama. Kijana mmoja wa sheria alimgeukia mwalimu wake wa uchumi, aliyekaa upande wa pili: "Papa profesa, itifaki ya soko la pamoja inatumika tangu 2010. Jirani anamfungia jirani bariera, na Arusha, kwenye makao ya Jumuiya, hakuna anayemuuliza. Sisi tunabaki humo kutafuta nini?" Sala ikapiga makofi, nami nilizipigia mstari zile tarehe ubaoni kwa sababu zilistahili. Akaongeza kwamba shaba na kobalti yetu haiendi Nairobi wala Kampala, sehemu kubwa inaishia China. Kwa majirani sisi ni wanunuzi.

Mwanasheria mmoja, mama wa makamo, alisimama na mkataba mkononi akasoma kifungu cha 145. Kutoka si tangazo la televisheni. Kwanza Bunge la Taifa lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si theluthi mbili ya waliofika siku hiyo. Bunge letu lina viti 500, kwa hiyo zinahitajika kura 334. Pili, Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, na ndani ya muda huo nchi inaweza kuifuta taarifa yake. Tatu, katika miezi hiyo yote wajibu wa uanachama unaendelea. Wale watatu wa Sahel nao walisema wametoka palepale, lakini mkataba wa ECOWAS unataka mwaka mzima, na kweli kutoka kwao kulikamilika tarehe 29 Januari 2025.

Baada ya hapo nikaombwa nionyeshe mzigo mmoja tu unavyopita. Nilichagua samani, maana wafanyabiashara wa hapa wanazileta sana. Tuseme thamani yake, pamoja na bima na nauli mpaka mpakani, ni dola 10,000, na zimetoka China. Kwa ushuru wa Kongo, kiwango cha juu ni 20%: dola 2,000. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16% inahesabiwa juu ya thamani ukiongeza ushuru, yaani juu ya 12,000: dola 1,920. Jumla 3,920, bila kugusa ada za huduma nyingine za mpakani. Sasa chukua ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ambao tangu Julai 2022 una ngazi ya nne ya 35%, na samani zimo humo: ushuru 3,500, TVA juu ya 13,500 ni 2,160, jumla 5,660. Halafu samani za thamani ileile zilizotengenezwa Kenya au Tanzania, zikiwa na cheti cha uasili, karatasi inayothibitisha zilikotengenezwa: ushuru sifuri, TVA 1,600.

Niliziandika hesabu tatu hizo bega kwa bega, na hapo kelele zikapungua. Mfanyabiashara anayeleta vitu vya China na Dubai aliona kwamba kubaki na kutekeleza kila kitu kungemgharimu dola 1,740 zaidi kwa mzigo mmoja. Fundi seremala wa Kadutu aliona kitu kingine: 35% ingemlinda dhidi ya China, lakini isingemlinda hata kidogo dhidi ya karakana za Nairobi. Kwa hiyo anayeuliza kama "nchi" inafaidika kwa kutoka ajibiwe kwanza kwa swali: nani ndani ya nchi? Na jambo ambalo pande zote mbili zililipita haraka mno: Kongo ilikuwa haijaanza kutoza ushuru huo wa pamoja. Tulikuwa tunabishana kuhusu kutoka katika nyumba ambayo tulikuwa bado tumesimama barazani.

Ile hesabu ya tatu ndiyo inayowaponza watu, nami nililisema hilo kwa nguvu. Cheti cha uasili hakipatikani kwa sababu gari limetoka Kampala. Bidhaa ya China iliyofunguliwa Kampala, ikatiwa kwenye maboksi mapya na kubandikwa lebo, inabaki ya China. Cheti kikitaja jina la muuzaji lisilolingana na ankara, au uzito usiolingana na karatasi ya safari, faili inasimama, gari linalala bariera, na mwenye mali analipia maegesho kila siku. Mara nyingi anachoka, analipa ushuru wote kama mgeni. Nimeona mizigo mingi ikilipiwa hivyo huku haki ya sifuri ipo.

Waingereza wanalijua hili sasa. Walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, 51.9% wakataka kutoka Umoja wa Ulaya. Wakatoka tarehe 31 Januari 2020. Lakini mpakani hakikubadilika kitu mpaka mwaka ule uishe. Mkataba wao mpya wa biashara ulisema ushuru sifuri, watu wakashangilia. Kumbe sifuri ile ni ya bidhaa zenye uasili wa Uingereza au wa Ulaya. Nguo iliyotoka Asia, ikapumzika kwenye ghala la Uingereza, ikivuka kwenda Ireland inadaiwa ushuru. Nyama inahitaji sahihi ya daktari wa mifugo. Uingereza yenyewe iliahirisha mara kadhaa kudai vyeti vya afya kwa vyakula vya kutoka Ulaya, ikaanza tarehe 31 Januari 2024, siku chache tu kabla ya mjadala wetu: karibu miaka minane tangu kura. Ofisi yao inayokagua makadirio ya bajeti inakadiria kwamba kwa muda mrefu tija ya uchumi itakuwa chini kwa 4% kuliko kama wangebaki. Walipata walichokitaka upande wa sheria na uhamiaji, kwamba wajiamulie wenyewe, na mimi sidharau hilo hata kidogo. Ila bei yake haikuwa ile waliyoambiwa.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Kigoma alikuwa ametulia muda wote. Alipopewa neno aliacha habari za Ulaya, akaanza na 1977. Jumuiya ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, haikufa kwa kura. Tangu Idi Amin achukue madaraka 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa ni kikao cha marais watatu. Kikao hakikukaa tena, huku malalamiko kwamba Kenya inafaidi kuliko wenzake yakirundikana. Ilipovunjika, kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake: mabehewa, ndege, majengo ya posta. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka 1983. Kugawana kulihitaji msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, na mapatano yalitiwa sahihi Mei 1984: Kenya 42%, Tanzania 32%, Uganda 26%. "Miaka saba ya kuhesabu vyombo," akasema mzee, "na wastaafu wa reli na bandari huko Tanzania walikuwa bado wanadai pensheni zao hata baada ya mwaka 2000." Hakuna aliyemkatiza. Kati ya yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililonikaa zaidi, kwa sababu na sisi tulikuwa katika Jumuiya ambayo marais wake wawili, wa Kongo na wa Rwanda, walikuwa hawaketi pamoja.

Profesa alijibu kwamba kuna kutoka kusikoumiza, na alikuwa sahihi. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 bila matetemeko, kwa sababu ilikuwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mkono mmoja na Jumuiya mkono mwingine. Kongo nayo ingebaki na COMESA pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na SADC pamoja na Tanzania. Malori ya Mombasa na Dar es Salaam yanapita chini ya mikataba ya Ushoroba wa Kaskazini na Ushoroba wa Kati, ambayo Kongo imo bila kupitia Arusha. Umeme wa bwawa la Ruzizi II unagawanywa kati ya nchi tatu tangu enzi za CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, na uliendelea hata CEPGL yenyewe ilipolala wakati wa vita. Tungepoteza kitu kimoja kisicho na mbadala: Mahakama ya Afrika Mashariki, ambako baadaye, Septemba 2024, kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilianza kusikilizwa. Mimi kwa sababu hiyo peke yake ningepiga kura ya kubaki.

Mwishoni mama mmoja anayevuka mto Ruzizi kila asubuhi kuchukua nyanya Kamembe, upande wa Rwanda, aliuliza jetoni yake, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, itakuwaje tukitoka. Nilimwambia jetoni ilikuwepo kabla ya 2022, haikuletwa na Jumuiya. Ila Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinachotolewa mpakani kwa mazao na bidhaa za wanachama, na mtu mdogo anakijaza bila wakala.

"Hicho cheti kiko dirisha gani?"

Nilimjibu ukweli, kwamba upande wetu wa daraja nilikuwa sijakiona kikitolewa. Akasema basi apewe kwanza cheti, habari ya kutoka aulizwe baadaye. Msimamizi aliandika maneno yake kama pendekezo, likapigiwa kura badala ya hoja ya awali: serikali itangaze tarehe ya kuanza kutekeleza umoja wa forodha na cheti rahisi kwenye mipaka yetu, na isipofanya hivyo Bunge lijadili kifungu cha 145. Mikono mingi ilipanda, na ya yule kijana wa sheria pia.