Nilivyovuka kikwazo cha IELTS

Wauguzi wenzangu wa Mtwara mnaotaka kwenda Uingereza, msikate tamaa kwa sababu ya kipengele kimoja cha IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Baraza lao la wauguzi, NMC, linataka alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Vingine nilivipata, kuandika nikaishia 6.0.

Basi nikitoka zamu nachukua bei za korosho za minada yetu, nachora chati, kisha naieleza kwa Kiingereza kama kwenye mtihani: dakika 20, maneno 150, saa iko mezani. Mtihani wa pili kuandika kukapanda hadi 6.5, lakini kusikiliza kukashuka hadi 6.5! Kilichoniokoa ni kwamba NMC inaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili ndani ya miezi 12, mradi kuandika kusiwe chini ya 6.0 na vingine visiwe chini ya 6.5.

Na dalali asiwaombe hela, tafadhali. Tanzania ipo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani waajiri na mawakala wa kule hawaruhusiwi kuja kusaka wauguzi huku. Muuguzi anaomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Mimi sasa nasomea CBT, mtihani wa uuguzi wa NMC unaofanywa kwenye kompyuta.