Nguzo Nyuma ya Nyumba ya Mama

Juni 2019 nilianza kuchimba shimo nyuma ya nyumba ya mama, nje kidogo ya mji wa Iringa. Lilipofika futi tatu fundi akaja, akachungulia, akauliza kama ni la choo au la kusimamishia tangi. Nikamwambia ni la nguzo ya darubini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la mtu anayejua kazi: "Itabeba kilo ngapi, Mwalimu?"

Hazikuzidi 20. Uzito haukunisumbua. Kilichonisumbua ni mtetemo, na zaidi ya mtetemo, mahali tulipo duniani.

Dunia inajizungusha nyuzi 1 kila dakika 4. Ukiacha kamera wazi kwa dakika 2, anga limeshasogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu, na badala ya nyota unapata michirizi. Ndiyo maana darubini ya kupigia picha hukaa juu ya kibebeo chenye mota, kinachoigeuza polepole kwa kasi ya dunia yenyewe. Lakini mhimili wa kibebeo hicho sharti uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, bila kukosea. Watu wa Ulaya wana Nyota ya Kaskazini, inang'aa karibu kabisa na ncha yao. Wakishailenga, kazi kubwa imekwisha. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Ncha yetu ni ya kusini, nayo imeinuka nyuzi hizo 8 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi la kiangazi na, kwangu mimi, nyuma ya mikaratusi ya jirani. Nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Hata pasipo miti wala vumbi jicho huipata kwa shida.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia nilikuwa nimehangaika na stendi ya miguu mitatu. Kibebeo changu hakikulala chini ya nyuzi 15. Waliokitengeneza hawakuwaza kwamba kuna mtu wa nyuzi 8 atakayekitumia. Nikikilazimisha kwa kuinua mguu mmoja juu ya tofali, fito ya uzito wa kusawazisha ilikuja kugonga mguu wa stendi picha ikiwa katikati. Usiku mwingi uliharibika hivyo. Iliniuma sana, kwa sababu mvua zikishaanza hapa kwetu mawingu hukunyima anga kwa miezi.

Basi tukasimamisha bomba la maji taka la inchi 8 juu ya msingi, tukatia nondo nne ndani, tukalijaza zege. Sakafu ya kibanda nilitaka imwagwe baadaye, iache nafasi ya vidole viwili kuzunguka nguzo, visigusane kabisa. Fundi alikataa: maji yataingia, panya watafanya makao. Nikaweka beseni la maji barazani, nikapita kando yake kwa mwendo wa kawaida. Maji yakacheza. Nikamwambia, "Darubini inaukuza huo mtetemo pamoja na nyota." Alilitazama beseni, hakubisha tena.

Bishano lenyewe lilikuwa juu ya sahani ya chuma ya kichwani. Nilimwomba aichomelee ikiinama nyuzi 10 kuelekea kusini, ili kibebeo nikikiweka kwenye 18, mhimili uwe kwenye 8 ninayoitaka. Mtu huyu maisha yake yote anatafuta usawa wa pima maji, nami namwambia apindishe kwa makusudi. "Mwalimu, watu watasema kazi imenishinda." Tukachuchumaa, nikachora kwa kijiti duara la dunia, ikweta, na sisi chini yake kidogo. Alipoelewa, alikata kabari ya mbao kwanza ya kupimia, akaijaribu, akaipiga randa, ndipo akagusa chuma. Sijaona kazi safi kama ile. Kuta za tofali za kuchoma ziliishia kifuani, na paa la bati tuliliweka juu ya magurudumu ya geti ili lisukumwe pembeni lote.

Julai 2 hapakuwa na mwezi kabisa. Usiku uleule, huko Chile na Argentina ambako bado kulikuwa mchana, mwezi ulikuwa umelifunika jua. Saa 2 usiku nilisukuma paa, nikalenga nyota iitwayo Spika, iliyokuwa karibu na utosi, nikaikalisha juu ya uzi ulio ndani ya kioo cha kuchungulia cha darubini, nikasubiri. Ncha usiyoiona huitafuta hivyo: nyota ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, mhimili umekosea mashariki au magharibi, unakaza boliti kidogo na kusubiri upya. Nilifuata maelekezo niliyoyachapa, neno kwa neno. Nyota ikazidi kuteleza. Nikakaza tena, ikateleza zaidi. Saa nzima ilikwenda kwa baridi ile ya Julai, vidole vimekufa ganzi, kabla sijatambua kwamba maelekezo yaliandikwa kwa watu wa kaskazini. Kwetu kila kitu ni kinyume. Nikageuza, nyota ikaanza kutulia. Kisha nikahamia nyota nyingine, Altair, iliyokuwa ikipanda mashariki, kusahihisha kimo cha mhimili.

Ilipogonga saa 6 usiku nyota ilikaa juu ya uzi dakika kumi bila kuuacha. Nikafunga kamera, nikalenga Nebula ya Lagoon, wingu la gesi lililo mbali kati ya nyota, nikaacha wazi dakika 2. Kwenye kioo cha kamera zikatokea nyota za duara, kila moja nukta, na katikati yake wingu la rangi ya waridi ambalo jicho langu halijapata kuliona hivyo. Nililia. Sikulala tena.

Karibu na saa 11 alfajiri mama alitoka, kitenge mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujalala?"

Nikamsogezea kamera. Nilikuwa nimegeukia kaskazini mashariki, ambako Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kimeshachomoza juu ya mti wa parachichi. Bibi yangu alikuwa akikingojea jioni za Novemba. Kikitokea mashariki jua likizama, ndipo alipotoa mbegu kwenye kihenge. Kwa macho sisi tuliona nyota sita. Mama alianza kuzihesabu zile za pichani kwa ukucha, kimyakimya, akafika 30 na kitu, akaacha.

"Mama yangu alijua hivi viko vingi hivi?"

Anga lilianza kupauka. Niliposhika paa nilirudishe, akaniwekea mkono.

"Acha kwanza, baba. Bado kinaonekana."