Mimba ya IVF: achana na tarehe ya hedhi

Ukifika kliniki ya wajawazito, swali la kwanza ni lilelile: hedhi ya mwisho ilianza lini? Programu za simu nazo huuliza hivyo hivyo. Kwa aliyepata mimba kwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara na kiinitete (mimba changa kabisa) kupandikizwa kwenye mji wa mimba, jibu la swali hilo ndilo huvuruga hesabu yote. Kanuni ya Naegele, ile ya siku 280 tangu hedhi, hukisia kwamba yai lilitoka siku ya 14. Kwenye IVF hakuna cha kukisia, maana maabara inaijua siku yai lilipokutanishwa na mbegu.

Siku hiyo, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kuvuna mayai, ni siku ya sifuri. Ongeza siku 266, umepata tarehe ya matarajio ya kujifungua. Kama uliyonayo ni tarehe ya kupandikizwa tu, punguza umri wa kiinitete kwanza: cha siku 3 ongeza 263, cha siku 5 ongeza 261, cha siku 6 ongeza 260.

Tuchukue kiinitete cha siku 5 kilichopandikizwa tarehe 10 Machi 2025. Matarajio ni 26 Novemba 2025. Kingekuwa cha siku 3, ingekuwa 28 Novemba. Na kama 10 Machi ndiyo siku mayai yalipovunwa, ni 1 Desemba. Wengi hukosea hapa kwa kuihesabu siku ya kupandikiza kuwa ya kwanza. Hiyo haihesabiwi, moja huanzia kesho yake.

Sasa, wahudumu wote huzungumza kwa wiki za mimba, kwa hiyo unahitaji hedhi ya kubuni. Kwa kiinitete cha siku 5, rudi nyuma siku 19 kutoka siku ya kupandikizwa. Cha siku 3, siku 17. Kutoka siku ya kuvuna, 14. Katika mfano wetu ni 19 Februari, na hiyo ndiyo tarehe ya kuingiza kwenye simu. Ndiyo maana siku ya kupandikizwa kiinitete cha siku 5 mimba huhesabiwa kuwa na wiki 2 na siku 5, na siku ya 9 baadaye wanakuambia una wiki 4. Hawajakosea.

Viinitete vilivyogandishwa ndivyo huleta mkanganyiko zaidi. Muda wa kukaa kwenye baridi hauingii kwenye hesabu: kilichogandishwa siku ya 5 kikakaa miaka minne, kikitoka bado ni cha siku 5. Lakini kilichogandishwa siku ya 3, kikayeyushwa na kukuzwa siku mbili kabla ya kupandikizwa, hicho ni cha siku 5. Na kama yaliyogandishwa yalikuwa mayai ambayo hayajarutubishwa, sifuri ni siku yalipowekewa mbegu baada ya kuyeyushwa, si siku yalipovunwa.

Isitoshe, anayepandikizwa kwa dawa hutumia homoni ya estrojeni kwa wiki mbili, tatu, hata zaidi, mpaka utando wa mji wa mimba uwe mnene wa kutosha. Ndipo huanza projesteroni, homoni nyingine, na siku ya kupandikiza hupangwa kufuata hiyo. Hedhi hapo haisemi lolote. Tuseme katika mfano wetu ilianza 13 Februari: programu itakupa 20 Novemba, siku 6 mapema mno. Ukipigwa ultrasaundi tarehe 7 Aprili, mimba ina wiki 6 na siku 5, na kiinitete kina milimita 8 hivi. Simu inasema wiki 7 na siku 4, kwa hiyo mpimaji anatafuta milimita 13 hivi. Utatoka chumbani umeambiwa mtoto hakui, kumbe kalenda ndiyo mbovu.

Upande wa pili wa jambo hili ni muhimu vilevile. Mimba ya kawaida, kabla ya kutimiza wiki 9, tarehe hubadilishwa ikiwa ultrasaundi inapishana na hedhi kwa zaidi ya siku 5. Ya IVF haibadilishwi. Kupishana siku moja mbili si kitu, kwani wakati huo mtoto hukua kama milimita moja kwa siku na kipimo huteleza kwa kiasi hichohicho. Ila akiwa nyuma kwa wiki nzima na hesabu ni sahihi, hiyo ni taarifa kuhusu ukuaji wake. Kusogeza tarehe ili ilingane na kipimo ni kuificha taarifa hiyo. Kinachotakiwa ni kurudia kipimo.

Aliyewekewa mbegu kwenye mji wa mimba bila IVF naye anaongeza 266 kutoka siku hiyo, akiacha nafasi ya siku moja hivi, kwa sababu hakuna aliyeliona yai likitoka.

Kwa yai la kuchangiwa tarehe ni ileile, lakini kuna mtego kwenye uchunguzi wa wiki 11 hadi 13 wa hatari ya Down, hali ya mtoto kuzaliwa na kromosomu ya ziada. Hatari hiyo hukokotolewa kwa umri wa mwenye yai siku lilipovunwa. Wakiandika miaka 43 ya mjamzito badala ya 26 ya mchangiaji, majibu yatatisha bure. Hata kwa yai lako mwenyewe, umri unaotumika ni ule wa siku ya kuvunwa.

Mapacha pia hawabadilishi tarehe ya matarajio, ingawa mara nyingi huzaliwa kabla yake.

Kabla ya kuagana na kituo cha IVF, omba barua yenye siku ya kuvuna mayai, siku ya kupandikiza, umri wa kiinitete, kama kiligandishwa, na umri wa mwenye yai. Ibandike ndani ya kadi ya kliniki, ukurasa wa kwanza, ili mhudumu wa zamu aione kabla hajauliza habari za hedhi.