Mbawakawa asiye na jina bado

Jioni hii nimemaliza kuandika maelezo ya miguu ya mbawakawa ninayetaka kumtangaza kuwa spishi mpya. Ni mweusi tii, hana doa wala mng'aro, na familia yake, Tenebrionidae, ina spishi zaidi ya 20,000. Kumtenga na umati huo ndiyo kazi yenyewe.

Kuitambua familia hakukunisumbua. Nyayo za mbele na za kati zina vipingili vitano vitano, za nyuma vinne. Vipapasio vinachomoza chini ya ukingo wa kichwa. Shida ni spishi. Mistari ya vishimo mgongoni, pembe za kifua, vinyweleo vya tumboni, vyote hivi huweza kutofautiana hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo ninapima wengi, madume kwa majike, kabla ya kuthubutu kusema alama fulani ni ya spishi nzima. Ushahidi ninaouamini zaidi umejificha ndani: kiungo cha uzazi cha dume, ambacho hutolewa taratibu na kusafishwa kwa haidroksidi ya potasiamu hadi umbo lake lionekane wazi. Mara nyingi wawili waliofanana kama pacha huachana hapo.

Holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, nimeshamchagua, dume mwenye vipapasio vizima. Kwa kanuni za kutaja wanyama, jina litamganda yeye peke yake. Parataipu, vielelezo vingine vinavyotajwa pamoja naye, ni wasindikizaji. Miaka mia ijayo mtu akitilia shaka spishi hii, atakayeulizwa ni yeye, si mimi na sentensi zangu. Namshika kwa uangalifu unaostahili mzigo huo.

Ila kuna jambo linaloniuma. Nimejaza kurasa kwa vipimo vya mwili, na kuhusu maisha yake nina mistari michache tu: alipatikana mchangani, usiku, karibu na majani makavu. Mabawa yake magumu yameungana katikati, haruki. Chini ya mabawa hayo kuna uwazi wa hewa, ambao kwa jamaa zake wa jangwani husaidia kupunguza maji yanayopotea wanapopumua. Je, na kwake ni hivyo? Maiti hainijibu.

Namfikiria Onymacris unguicularis wa jangwa la Namib. Jina lake ni la karne ya 19, lakini ilikuwa 1976 ndipo William Hamilton na Mary Seely walipochapisha taarifa kwamba mbawakawa huyo hupanda kilele cha tuta ukungu unapoingia kutoka baharini, huinamisha kichwa, huinua kiuno, na matone yanayojikusanya mwilini hutiririka hadi mdomoni. Jambo la ajabu kiasi hicho, na halikuwa na alama yoyote ambayo mtu angeisoma kwa kumtazama aliyechomwa pini sandukuni! Ilibidi mtu aamke alfajiri, akae kwenye ukungu, amtazame akiwa hai.

Ndiyo maana sikubali mazoea ya kuiacha sehemu ya maisha ya mdudu iwe tupu kwa kisingizio kwamba maelezo rasmi hayaidai. Mswada utangoja. Kwanza nitarudi pale mchangani usiku, na taa nyekundu, kwa kuwa mwanga huo wadudu wengi hawauoni vizuri, nijue anakula nini, jike hutaga wapi, na mabuu wake wamejichimbia kina gani.